Reli ya mita ya Dar es Salaam isizikwe: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya usafiri wa jiji

Waheshimiwa mliokabidhiwa reli, barabara na ardhi ya jiji letu,

Shikamooni kwa wanaostahili shikamoo yangu, na wengine wote pokeeni salamu za heshima. Mimi ni mkazi wa Tabata, abiria wa daladala wa kila siku, na binti wa fundi njia aliyeitumikia reli ya kati mpaka magoti yakamkatalia. Nina ombi moja, nalo nalitaja mapema ili hata asiye na nafasi ya kusoma yote awe amelisikia. Ile reli ya zamani ya mita inayotoka Stesheni kupitia Kamata na Buguruni, tawi lake moja likienda Ubungo na njia kuu ikiendelea Vingunguti, Karakata, Gongo la Mboto hadi Pugu, ifanywe njia ya treni nyepesi za umeme za kuhudumia mji. Na jengo la stesheni ya zamani libaki kuwa stesheni, watu wapandie na kushukia humo.

Nimesukumwa kuandika na maneno ninayoyasikia tangu SGR, ile reli mpya ya umeme, ianze safari zake mwaka 2024. Mitaani, na hata kwenye vikao vya watu wazima, reli ya zamani sasa inatajwa kama chuma chakavu kinachosubiri mizani. Wengine wameshaanza kupiga hesabu ya viwanja. Nimeyasikia kwenye daladala, nimeyasikia msibani, na kila mara nimenyamaza kwa kuwa si mahali pake. Mahali pake ni hapa.

Baba alikuwa na geji. Ni fimbo ya chuma yenye masikio mawili. Fundi huilaza juu ya reli mbili aone kama njia imetanuka au imebana. Kule kota za reli Gerezani tulikokulia, geji ilisimama nyuma ya mlango, kando ya ufagio, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa kuliko tulivyokatazwa kuchezea moto. Usiku wa mvua kubwa baba hakulala. Angekaa kitini na koti lake la mvua magotini, akisikiliza maji yanavyopiga bati, akiwaza tuta la reli. Umbali kati ya masikio ya fimbo ile ni mita moja kamili, milimita 1,000. Naomba muikumbuke namba hiyo, nitairudia.

Reli hii ilianza kutandikwa kutoka hapa hapa mjini mwaka 1905, wakati wa Wajerumani, na kampuni iliyojenga ni Philipp Holzmann. Morogoro ilifikiwa mwaka 1907, Tabora 1912, na mwanzoni mwa 1914 reli ikagusa maji ya Kigoma, kilomita 1,250 hivi kutoka baharini. Kwa sehemu kubwa ilifuata njia ya misafara ya zamani, na wengi waliochimba tuta na kubeba mataruma ya chuma yanayolazwa chini ya reli walikuwa Wanyamwezi, watu ambao baba na babu zao waliipita njia ile kwa miguu, pembe za ndovu begani. Baadaye ikaja vita, wakaja Waingereza, likaja tawi la Mwanza mwaka 1928, likaja shirika la pamoja la Afrika Mashariki, nalo likavunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Hayo mnayo kwenye majalada yenu.

Yasiyo kwenye majalada ni kama haya. Bibi yangu mzaa mama alishuka kwenye stesheni ile akitokea Tabora, dumu la asali mkononi, hajui mtu hata mmoja Dar es Salaam ila mumewe. Babu alichelewa kufika kumpokea. Bibi akakaa kwenye sakafu ya stesheni kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na stesheni masta akaagiza apelekewe chai. Mpaka anafariki, bibi aliita sehemu ile "kwetu". Mwaka 1947, makuli wa bandarini walipogoma, wafanyakazi wa reli waliwafuata, na mgomo ukaenea nje ya mji. Jengo lile limeshuhudia hayo yote. Ndiyo maana nasema libaki stesheni. Jengo la reli lisilopokea abiria hufa taratibu hata likipakwa rangi kila mwaka.

Sasa nije kwenye lile ambalo sisi wakazi tumelionja wenyewe. Tarehe 29 Oktoba 2012, treni ya abiria wa mjini ilianza kutoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa. Watu wakaipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, wakaiita treni ya Mwakyembe, na jina likakaa. Nauli ilikuwa shilingi 400 kwa mtu mzima na 100 kwa mwanafunzi. Nilikuwepo wiki ile ya kwanza pale Tabata Relini. Kituo hakikuwa na jukwaa la maana. Tulisimama kwenye kokoto, akina mama wamekunja kanga kwa mkono mmoja na kushika tiketi kwa mkono wa pili. Kulikuwa na mama muuza maandazi aliyezoea kupanga ndoo yake katikati ya reli kwa kuwa pale ndipo watu walipopita. Honi ikalia kutoka upande wa Mabibo. Akainua ndoo, akasogea hatua tatu, treni ikasimama, akauza maandazi yote kupitia madirishani, treni ikaondoka, akarudisha ndoo palepale. Mtu wa kando yangu, mzee aliyevaa suti ya kazini, alikuwa akitabasamu peke yake. Tabata hadi mjini bila foleni: kwa wengi wetu ilikuwa kama mtu amefungua dirisha kwenye chumba kilichojaa moshi.

Treni ile ilithibitisha kwamba watu wanaitaka reli ndani ya mji. Ilichokosa ni chombo kinachofaa kazi hiyo. Yalikuwa mabehewa ya safari ndefu yanayovutwa na kichwa cha dizeli. Kichwa kile kimeumbwa kuvuta mzigo mpaka Kigoma, hakikuumbwa kusimama kila baada ya kilomita moja na nusu. Kinachelewa kushika mwendo, kinachelewa kusimama, kikifika mwisho wa njia kinapaswa kuzungushwa upande wa pili. Ngazi za behewa ziko juu, mjamzito anavutwa na watu wawili, na mwenye kiti cha magurudumu hata hajaribu. Kwa hiyo safari zikawa za asubuhi na jioni, na katikati ya mchana reli ikalala.

Nilipata bahati ya kuishi Manchester, Uingereza, miaka miwili kimasomo, na kila siku nilipanda tramu, yaani treni nyepesi ya umeme ya mjini, ya Altrincham. Sikwenda kule kutafuta habari za reli, lakini binti wa fundi njia hawezi kupanda chombo bila kutazama chini. Nikaanza kuuliza, na niliyoyakuta ndiyo yananifanya niamini kwamba ombi langu linawezekana.

Altrincham ni mji mdogo kusini-magharibi mwa Manchester. Reli yake ilifunguliwa mwaka 1849. Stesheni iliyopo leo ni ya mwaka 1881, na mbele yake kuna mnara wa saa wa wakati uleule, umri wake unazidi wa stesheni yetu. Mwaka 1931 wakaitia umeme. Kufikia miaka ya 1980 njia ile ilikuwa na treni nzito zilizozeeka, na jiji lilikuwa na tatizo kubwa zaidi: stesheni zake mbili kubwa, Piccadilly na Victoria, ziko pande mbili tofauti za mji, na hakukuwa na reli ya kuziunganisha. Walitaka kuchimba handaki katika miaka ya 1970, fedha hazikupatikana, mpango ukafa.

Basi wakafanya jambo jingine. Walichukua reli mbili kuukuu za vitongoji, ya Bury kaskazini na ya Altrincham kusini, wakaondoa treni nzito, wakaweka tramu za umeme, halafu wakaziunganisha kwa kutandika reli juu ya barabara za katikati ya mji. Treni ya mwisho ya Altrincham ilikwenda mkesha wa Krismasi mwaka 1991. Tramu ya kwanza ikaja tarehe 15 Juni 1992. Haikufika hata miezi sita.

Tazameni walivyotumia walichonacho. Majukwaa ya zamani ya treni yalikuwa marefu kwenda juu, na tramu za kawaida ni za chini. Hawakuyabomoa majukwaa; waliagiza tramu zenye sakafu ya juu, zilingane na majukwaa ya tangu enzi za mvuke. Mpaka leo mtu anaingia bila kupanda ngazi hata moja. Kuna kituo kimoja kinaitwa Navigation Road ambacho nilikipenda sana. Hapo njia za reli ni mbili tu. Moja imeachiwa tramu, zinapita kwenda na kurudi kwa zamu. Ya pili imeachiwa treni za kawaida zinazokwenda Chester, nazo zinapita kwenda na kurudi kwa zamu. Asubuhi za baridi nilisimama pale geti la barabara likishuka, nikaona tramu ya njano imesimama upande mmoja, upande wa pili treni inapita, na katikati yao nafasi ndogo tu. Nilimpigia baba simu siku ya kwanza nilipoliona jambo hilo. Akaniuliza swali moja: "Na mataruma yao yako imara?"

Najua mtakaloniuliza kwanza. Mtasema reli yetu ni ya mita, geji (yaani upana kati ya reli mbili) ya kikoloni, dunia imehamia kwenye milimita 1,435. Kwa treni ya kasi ya kwenda Dodoma, hilo ni kweli na SGR imetupa. Lakini kwa mji, geji ya mita haina kasoro yoyote. Tramu za Zürich zinakwenda kwenye milimita 1,000. Za Basel, Bern na Geneva pia. Ile tramu ya pwani ya Ubelgiji, inayokata kilomita 67 kando ya bahari, nayo ni ya mita. Fimbo ya baba ingelala juu ya reli za miji hiyo bila kubana wala kulegea. Viwanda vinavyotengeneza tramu za geji hiyo vipo na vinafanya kazi. Geji nyembamba inazisaidia tramu kukata kona kali za mitaa, jambo ambalo treni kubwa haiwezi.

Na hizo kona ndizo zinazonifanya nione mbali zaidi ya Pugu na Ubungo. Chombo chepesi kikifika Stesheni hakilazimiki kuishia pale. Kinaweza kuingia barabarani, kikaenda na magari mpaka Posta, kikashusha watu Kivukoni wanaovuka kwenda Kigamboni. Ni kilomita moja na kitu. Leo mtu anayetoka Gongo la Mboto kwenda Kigamboni anabadilisha gari mara ngapi? Mnajua kuliko mimi.

Swali la pili najua ni la mizigo. Reli ya mita bado inabeba mizigo ya bandari, na hakuna anayetaka bandari ikabwe koo. San Diego, Marekani, walikuwa na shida hiyohiyo. Walikuwa na reli ya mizigo iliyoharibiwa na dhoruba ya mwaka 1976, na mwenye reli hakutaka kuitengeneza. Sisi tuliokumbwa na mafuriko ya Kilosa na Gulwe tunaielewa hali hiyo vizuri. Mamlaka ya usafiri ikainunua reli ile mwaka 1979, na Julai 1981 tramu zikaanza kwenda mpaka mpakani na Mexico. Mizigo haikufukuzwa. Tramu zinatumia njia mchana, mizigo inapita usiku wa manane. Na tramu hizo zinasimama kwenye stesheni yao ya zamani ya mwaka 1915, ambayo bado inapokea treni za mbali. Kama mizigo yetu mizito itahamia SGR kadiri miaka inavyokwenda, nafasi ya mchana kwenye reli ya mita itazidi kuongezeka.

Wapo watakaosema SGR na mabasi ya mwendokasi vinatosha. Navipenda vyote viwili na ninavipanda. Ila SGR ikitoka mjini, kituo kinachofuata ni Pugu. Buguruni, Vingunguti, Karakata na Gongo la Mboto inavipita kwa kasi, na ni sawa, kazi yake ni Morogoro na Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta watu 5,383,728 katika mkoa huu, na ile ya 2012 ilikuwa imetukuta 4,364,541. Zaidi ya watu milioni moja waliongezeka kati ya sensa mbili, na barabara hazikupanuka kwa kiasi hicho. Ardhi ya kupitisha njia mpya mjini ndiyo kitu ghali kuliko vyote, maana inabidi kuvunja, kulipa fidia na kuhamisha watu. Njia ya reli ya mita tayari iko, imepimwa tangu 1905, na imekwenda hasa kule watu walikohamia. Tabata Relini imeitwa Relini kwa sababu reli ilitangulia.

Nizungumzie pia lililokwenda vibaya, kwa sababu sitaki mdhani naota. Addis Ababa walifungua treni nyepesi mwaka 2015 wakiwa na vyombo 41. Baada ya miaka michache vingi vikalala karakana kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni za kuvinunulia. Karakana za reli za nchi hii zimewahi kuwa na mafundi waliochonga vipuri wenyewe. Morogoro na Tabora wazee hao bado wapo na vijana waliofunzwa nao wapo. Mkataba wowote wa kununua vyombo usisainiwe bila mkataba wa vipuri na mafunzo ndani yake, na magurudumu yachongwe hapa hapa. Mimi naona hilo ni kubwa kuliko hata bei ya tramu yenyewe.

Na kuna Unguja. Mwaka 1905, mwaka uleule kazi ya reli yetu ilipoanza, Zanzibar ilikuwa na treni yake iliyotoka mjini karibu na Ngome Kongwe kwenda Bububu. Ilibeba abiria mpaka miaka ya 1920, ikasimamishwa, reli ikang'olewa. Leo Bububu foleni ya magari ni ya kila jioni, na ile njia iliyokuwa wazi haipo tena, imekuwa barabara na nyumba. Hakuna serikali itakayoweza kuirudisha leo bila kubomoa mji. Hili ndilo ninaloliogopa kwa Dar es Salaam. Reli ikishang'olewa na hifadhi yake ikishagawanywa viwanja, majuto yake hayana dawa.

Nikisema hifadhi ya reli, sisahau wanaoishi na kufanya biashara pembeni yake. Yule mama wa maandazi ni mmoja wao. Tafadhali msiandike alama za X kwenye kuta kabla ya kukaa nao. Tramu ikisimama kila baada ya kilomita moja au mbili, kila kituo kitahitaji soko, na wafanyabiashara walioilisha treni ya 2012 wawe wa kwanza kupewa meza humo.

Ninachowaomba mwaka huu si mabilioni. Naomba kwanza mtangaze kwamba njia ya mita kutoka Stesheni hadi Pugu na tawi la Ubungo ni ushoroba wa usafiri wa mjini, na kwamba hakuna kipande chake kitakachouzwa wala kukodishwa kwa ujenzi wa kudumu. Pili, jengo la stesheni ya zamani liwekewe ulinzi wa kisheria likiwa stesheni inayofanya kazi, na mtu anayeshuka kutoka SGR pale Stesheni ya Magufuli aweze kutembea kwa kivuli mpaka kwenye tramu bila kuvuka barabara. Tatu, upembuzi yakinifu ufanywe wazi, na matokeo yake yasomwe kwa Kiswahili kwenye mikutano ya Vingunguti na Gongo la Mboto, wao ndio watakaopanda. Umeme si kisingizio tena. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa megawati 2,115, na mtandao wa tramu unatumia sehemu ndogo sana ya huo.

Baba alifariki kabla ya SGR kuanza. Alipostaafu, wenzake wa genge walimwachia geji moja iliyokongoka sikio, isiyofaa tena kazini, naye akaiweka nyuma ya mlango wa nyumba yetu ya Tabata kama alivyoiweka Gerezani. Ninayo. Sikio nimelichomelea kwa fundi wa mtaani, na nimeipima kwa tepu, ni milimita 1,000 sawasawa.

Waheshimiwa, kama mtateua wahandisi wa kuikagua njia hii, naomba mniruhusu nitembee nao. Jumamosi yoyote, saa 12 asubuhi, kabla jua halijakali, tuanzie kwenye jukwaa la stesheni ya zamani tuelekee Kamata. Nitakuja nayo.

Wenu katika ujenzi wa jiji,

Mkazi wa Tabata, binti wa fundi njia